Kipima Volti cha Kijana Wako

Bila shaka umewahi kumwona jirani akitaka kujua kama betri yake ina chaji. Huchukua kipande cha waya, hugusanisha upesi ncha mbili za betri, na cheche ikiruka husema kwa furaha, "Imo!" Cheche hiyo ni shahidi mbaya. Betri iliyojaa huitoa, na iliyobakiwa na robo tu huitoa vilevile. Zaidi ya hayo, betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka, na mwenye kuchezea cheche juu yake huweza kumwagiwa asidi usoni.

Katika mwambao wa Lindi, kuanzia mitaa ya Rasbura hadi vijiji vya Kilwa, betri si kitu cha anasa. Taa za kuvulia dagaa, ambazo zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za LED zinazolishwa na betri. Na nyumba ambayo nguzo za umeme hazijaifikia huwasha taa na kuchaji simu kwa paneli ya jua. Betri ya risasi ya volti 12 ikiachwa ifyonzwe hadi tone la mwisho mara kwa mara, hufa mapema sana, na kununua nyingine ni gharama inayotikisa bajeti ya nyumba.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Betri hiyo ikiwa imejaa na imepumzishwa, huwa na volti kama 12.7. Ikibaki nusu, huwa na kama 12.2. Ikishuka chini ya 12, imekwisha kwa matumizi ya busara. Yaani tofauti baina ya kujaa na nusu ni nusu volti tu! Kipimo cha mshale chenye mistari minene hakikuonyeshi tofauti hiyo vizuri. Kinachohitajika ni kipima volti cha tarakimu, kinachoandika 12.64 na kukuachia wewe uamue.

Sasa tuseme kijana wako, wa kike au wa kiume, anasoma elektroniki katika chuo cha ufundi. Amerudi Rasbura kwa likizo, na anakuomba fedha za kununulia vipande vya mradi wake wa mwaka: anataka kuunda kipima volti cha tarakimu kwa mikono yake. Nawe, mzazi mwenye kujua thamani ya shilingi, unamwuliza: "Mwanangu, mita hizi zimejaa madukani, tena kwa bei rahisi. Kwa nini uiunde?" Swali ni la haki kabisa, nasi tutalirudia. Kwanza tutazame anachotaka kukifanya.

Moyo wa mradi wa namna hii, tangu miaka ya 1970, umekuwa kidude cheusi chenye miguu 40 ambacho mafundi hukiita aisi. Inayojulikana zaidi ni ICL7107, iliyobuniwa na kampuni ya Intersil ya Marekani, na hadi leo hutumika katika miradi ya wanafunzi. Kazi yake yaeleweka kwa mtungi wa maji. Ufungulie mtungi mtupu bomba usilolijua kasi yake, huku ukihesabu mapigo 1,000 sawasawa, kisha ulifunge. Halafu toboa tundu ambalo kasi yake ya kutoa maji unaijua, na uhesabu mapigo mangapi yapita hadi mtungi ukauke. Bomba likiwa na kasi sawa na tundu, utahesabu 1,000. Likiwa na nguvu zaidi, utahesabu zaidi.

Mtungi wenyewe ni kapasita. Bomba ni volti ya betri, iliyokwisha kugawanywa kwa 100 na rezista mbili. Tundu ni volti ya rejea, ambayo ni milivolti 100. Betri ya volti 12.64 huingia katika aisi ikiwa milivolti 126.4, mtungi hukauka baada ya mapigo 1,264, na taa ndogo za kioo huandika 12.64. Uzuri wake ni kwamba mtungi uleule hutumika kujaza na kumwaga, hivyo hata kapasita ikizidi au kupungua kidogo, jibu halibadiliki. Lililobaki kuaminiwa ni tundu na ule mgawanyo wa rezista. (Kipimo kikizidiwa huonyesha 1 peke yake kushoto, mwenye kukiona hivyo asidhani kimeharibika.)

Baadhi ya wanafunzi siku hizi huichagua bodi ya Arduino, ambayo ni rahisi zaidi kuanza nayo. Si vibaya, ila Arduino Uno hugawa kipimo chake katika ngazi 1,024, na ukitaka kupima hadi volti 20 kila ngazi ni kama volti 0.02, tena isipopewa rejea nyingine, hutumia umeme unaoilisha, ambao huyumba. Binafsi ningemshauri aanze na mtungi.

Liko jambo moja ambalo kijana akinakili mchoro bila kufikiri litamsumbua. Michoro mingi ya aisi hii huiendesha kwa mapigo 48,000 kwa sekunde. Aisi huyagawa kwa nne, na kwa hiyo kujaza mtungi huchukua sehemu ya 12 ya sekunde, muda ambao umeme wa Marekani, unaogeuka mara 60 kwa sekunde, hukamilisha mizunguko mitano kamili, na makelele yake hujifuta yenyewe. Lakini umeme wetu hugeuka mara 50! Katika muda huo mizunguko haitimii, na akipima betri iliyo kwenye chaja ya umeme, tarakimu ya mwisho huweza kuchezacheza. Akirekebisha mapigo yawe 40,000, mtungi utajazwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mizunguko mitano kamili ya kwetu, na tarakimu itatulia. Marekebisho hayo ni ya rezista moja tu. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi kwa nini aliibadili, naye akajua kujibu, hapo mradi umekwisha kulipa gharama yake.

Mengine nitayapitia upesi. Aisi hii hutaka volti 5 chanya na volti 5 hasi, na wengi hukwama kwenye hiyo hasi. Taa za tarakimu huipasha moto, na rejea iliyomo ndani yake huteleza kwa joto. Katika joto la Lindi ni heri kutumia rejea ya nje, na kukiacha kipimo kiwake dakika chache kabla ya kukisoma.

Chumvi, hata hivyo, haifai kupitiwa upesi. Upepo wa bahari huacha unyevu wa chumvi juu ya bodi, na unyevu huo ni njia ya umeme. Mwanafunzi aliyetumia rezista ya megaomu 10 kama vitabu vinavyopenda, atakuta umeme ukipita juu ya bodi badala ya kupita ndani ya rezista, na kipimo kilichokuwa sahihi maabarani kitadanganya ufukweni. Kwa betri yatosha mgawanyo wa megaomu moja. Na akimaliza kulehemu, asafishe bodi kwa spiriti hadi mabaki ya dawa ya kulehemu yaondoke, aikaushe, kisha aipake vanishi. Hata ile ya kucha isiyo na rangi yafaa.

Turudi sasa kwenye swali lako, mzazi. Chukua betri yenye volti 12.45, ambayo imepungua kiasi lakini bado haijafika nusu. Ipime kwa kipimo chenye kosa la asilimia 2 tu. Huweza kukuandikia 12.70, ukalala ukijua imejaa, au 12.20, ukadhani imebaki nusu. Tarakimu ni zilezile nzuri, zenye nukta na kung'ara, na hakuna kitu usoni mwake kinachokuonya. Mita ya dukani yaweza kuwa sahihi, na yaweza isiwe, nawe huna la kufanya ila kuamini. Kijana aliyeunda ya kwake anajua ni skrubu ipi ya kugeuza na ni rejea ipi ya kuitilia shaka.

Lakini hata yeye hapana budi alinganishe. Asirekebishe kipimo chake kwa mita ya kwanza aionayo. Akipeleke chuoni, akilinganishe na mita ambayo yenyewe imelinganishwa na iliyo bora kuliko yake. Ngazi hiyo hupanda hadi kwenye maabara za vipimo kama ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwanafunzi anayenunua kipimo kilichokwisha kuundwa, akakibandika katika boksi na kukiita mradi wake, huikosa hatua hii yote, na ndiyo yenye elimu.

Onyo moja, nalo si la mzaha. Kipimo hiki ni cha betri. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na vilele vyake hufika kama 325. Kikichomekwa ukutani chaweza kuua. Mwambie kijana wako hivyo mbele ya wadogo zake, maana wao ndio watakaojaribu.

Siku kipimo kitakapokuwa tayari, msikimbilie kupima jioni, wakati betri imetoka kuchajiwa na jua. Wakati huo volti zake huwa za juu kuliko haki. Taa zizimwe usiku mzima, na ncha za kipimo zigusishwe alfajiri, kabla jua halijaipiga paneli. Namba iandikwe katika daftari pamoja na tarehe, na kesho yake vilevile, hadi chuo kitakapofunguliwa.