Somo la Redio: Kutafuta Mtoto Umri Unapopita

Fungueni madaftari.

Tuseme bibi wa Kongwa ana miaka 38, na miezi inapita bila mimba. Majirani humwambia, "Ngoja tu." Bibi wa miaka 25 aweza kungoja mwaka mzima. Aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6, kwa sababu mayai ya mwanamke hupungua na kuchakaa, na baada ya miaka 40 hali hiyo huenda upesi sana.

Andikeni tarehe za hedhi za miezi mitatu. Kisha nendeni hospitali wote wawili. Bwana asibaki na ng'ombe! Mara nyingi kasoro iko kwake, na kupima mbegu zake ni rahisi kuliko kupima mirija ya bibi.

Mirija ikiwa imeziba, pengine kwa sababu ya ugonjwa wa zinaa wa zamani, yai na mbegu huweza kukutanishwa nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa namna hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Lakini njia hii haiwezi kulifanya yai la zamani kuwa jipya. Kwa bibi wa miaka 43 anayetumia mayai yake mwenyewe, majaribio mengi hayaleti mtoto.

Basi, kabla ya kuuza ng'ombe hata mmoja, mwulizeni daktari: kwa umri huu na vipimo hivi, katika wanawake 100 wangapi hupata mtoto? Bei hii ni ya jaribio moja? Kisha kubalianeni mtajaribu mara ngapi, mkaandike idadi hiyo daftarini siku ile ile, kabla ya dawa kuanza.