Kabla ya Kuiacha Fizikia

"Anti, mimi Fizikia siitaki hata kuiona." Mtoto wa kaka yangu aliniambia hivyo Jumamosi moja nikiwa kibandani kwangu Kariobangi Light Industries, stebilaiza ya mteja imefunguliwa mezani. Yuko Gredi ya 9, Umoja, na mwaka huu lazima achague mkondo wa Sekondari Pevu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Biolojia anaipenda, Kemia anaivumilia.

Sikumjibu haraka. Mimi niliiacha Fizikia mwaka 2003, nikiingia Kidato cha Tatu. Katika mfumo wa 8-4-4 ilitosha kubaki na sayansi mbili, na wasichana wengi tuliiaga hiyo. Nilisema naichukia. Kumbe nilichokichukia ni ile maabara: wanafunzi wanane kwa ameta moja, wavulana wanasoma mshale, mimi naandika majibu. Waya sikuwahi kuushika. Baadaye nilipotamani uhandisi wa umeme chuo kikuu, nikakuta wanadai Hisabati, Kemia na Fizikia. Fomu niliyoijaza kwa dakika tano ilikuwa imeshaamua.

Fizikia nilikuja kukutana nayo hapa, nikiwa mwanagenzi. Fundi wangu alinituma Kayole, kwenye ploti ambayo nyaya zilikuwa zimeungua. Mwenye nyumba alikuwa amefunga hita ya kuogea ya wati 5,000. Gawanya kwa volti 240, unapata karibu ampea 21, na zote zilikuwa zinapita kwenye waya mwembamba wa taa. Siku hiyo nilielewa kile nilichokariri miaka miwili bila kukiona. Niliumia sana moyoni.

Kwa hiyo nilimuuliza msichana: unachukia nini hasa? Hesabu? Woga wa kufeli? Maana Fizikia yenyewe peke yake bado hajakutana nayo. Sasa imechanganywa na Kemia na Biolojia ndani ya Sayansi Jumuishi. Akafikiri, kisha akasema, "Zile fomula. Sijui zinatoka wapi."

Simlazimishi. Serikali ingependa asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, lakini hilo ni lengo la taifa, na anayekaa darasani kuanzia Gredi ya 10 hadi ya 12 ni yeye. Tena ndani ya STEM anachagua masomo matatu, na si kila mseto una Fizikia. Anaweza kwenda na Biolojia, Kemia na Kilimo, mradi shule anayoitaka inafundisha mseto huo. Hilo wazazi waulize mapema, kabla ya kununua sare. Hisabati haikwepeki popote: walio STEM wanasoma ile nzito, wengine ile nyepesi.

Ninachomwomba ni kimoja tu, asiiache kabla hajaishika. Nilimpa mita yangu ya zamani na kumwambia aje kila Jumamosi hadi siku ya kujaza fomu.

Jumamosi ya tatu alipima soketi ya kibandani, mita ikasoma 228. Akauliza mbona si 240. Nikamwambia achore laini kutoka transfoma ya barabarani hadi kwetu, ahesabu na vibanda vyote vilivyounganishwa njiani, kisha aniambie zile volti 12 zimeishia wapi. Alitoka na kalamu na daftari. Stebilaiza nilimaliza kuifunga, na bado alikuwa nje akihesabu.