CHAMBO CHA MWINDAJI: SHERIA YASEMAJE?

Wahenga walisema kuwa mtego bila ya chambo haunasi. Maneno hayo yalitoka kwa watu walioishi jirani na wanyama na kuzijua vyema tabia zao. Lakini zama zimebadilika. Pori limepungua, sheria zimetungwa, na swali ambalo babu zetu hawakuulizwa sasa hatuna budi kulijibu: Je, ni halali kumwekea mnyama chakula ili aje auawe?

Huenda msomaji aishiye Kagarama, katika wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, akadhani kuwa jambo hili halimhusu. Mtaa wake umejaa nyumba, maduka na shule. Lakini na akumbuke kuwa barabara ya Kicukiro huteremka hadi mto Nyabarongo na kuingia Bugesera, na huko Bugesera tembo walikuwapo hadi mwaka 1975. Mwaka huo tembo wachanga 26 walihamishiwa Hifadhi ya Akagera, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamekwisha kuenea katika malisho yao. Mmoja wao, aliyeitwa Mutware, aliishi hifadhini hadi alipokufa mwaka 2018. Isitoshe, wako baba na kaka zetu wa jeshi na polisi wanaopangiwa kazi karibu na hifadhi, na huko huweza kuuziwa nyama isiyojulikana ilikotoka. Mnyama haonekani mjini, lakini nyama yake yaweza kufika jikoni.

CHAMBO NI KITU GANI?

Chambo ni chakula chochote kinachowekwa ili kumvuta mnyama. Wanyama wa jamii ya swala hupenda chumvi, na aghalabu hurudi mara kwa mara mahali walipokwisha kuilamba. Nsya hufuata matunda yaliyoanguka chini ya miti. Pongo hutoka kichakani jioni, akatafuta majani laini na machipukizi, na hata kuingia katika mashamba ya maharage. Mwindaji anayeyajua hayo hana haja ya kuzunguka porini kutwa nzima. Huweka chakula na kungoja, au huweka tanzi akaenda zake.

Tofauti iliyopo kati ya kungoja na kwenda zako ni kubwa. Anayengoja humwona mnyama kabla ya kumpiga. Anayetega na kuondoka hajui ni kiumbe gani kitakachokuja.

SHERIA YASEMAJE?

Katika Rwanda swali la chambo huja nyuma ya swali jingine lililo kubwa zaidi: Je, unacho kibali? Wanyama wa porini wanalindwa na sheria, ikiwamo Sheria Na. 064/2021 inayosimamia viumbe hai vya aina mbalimbali. Ndani ya hifadhi za taifa kuwinda ni marufuku, na nje yake hakuna ruhusa ya kujitwalia. Basi asiye na kibali, awe ametumia chumvi, mbwa au mkuki, amevunja sheria; chambo hakimpunguzii kosa wala hakimfanyi kuwa mwindaji halali.

Majirani zetu nao wana taratibu zao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa leseni, lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imekitaja chambo katika orodha moja na sumu, nyavu, mashimo na matanzi, vitu ambavyo haviruhusiwi kutumika katika kuwinda ila kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi.

Huko Marekani, ambako kuwinda kulungu ni desturi ya watu wengi, kila jimbo lina sheria yake. Texas huruhusu kumwaga mahindi ili kuwavuta kulungu, hali Colorado hukataza. Tena upo ugonjwa wa ubongo unaowakondesha kulungu hadi kufa, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Huenezwa kwa mate na mkojo, na wanyama wengi wanapokusanyika kula mahali pamoja huambukizana kwa urahisi. Ndiyo maana majimbo kadhaa yameweka mipaka juu ya kuwalisha.

MTEGO HAUCHAGUI

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Katika Hifadhi ya Volkano, majangili hutega matanzi ya kamba na mianzi wakiwalenga pongo na nsya, lakini sokwe wa milimani hunaswa. Mwaka 2012 mtoto wa sokwe aliyeitwa Ngwino alikufa baada ya kunaswa. Siku chache baadaye, sokwe wawili wadogo wa kundi lake, Rwema na Dukore, walionekana wakivunja mtego kwa mikono yao wenyewe.

Chambo chenye sumu ni kibaya kupita vyote. Baada ya mwaka 1994, wafugaji waliokuwa wakilinda ng'ombe wao waliwatilia simba wa Akagera sumu hadi wakatoweka kabisa. Ilibidi simba saba waletwe kutoka Afrika Kusini mwaka 2015. Sumu iliyotiwa katika mzoga hudhuru fisi, tai na mbwa wa kijiji, na mtu akila nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hujitia hatarini.

WAJIBU WA NYUMBANI

Yafaa akina mama washike kanuni moja: nyama isiyo na muhuri wa mganga wa mifugo isiingie chunguni, hata kama bei yake ni ndogo na mwenye kuileta ni ndugu. Watoto nao wafundishwe kwamba tanzi linaloonekana kichakani si mchezo. Wasiliguse, bali wakawaarifu wakubwa.

Mkulima ambaye mazao yake yanaliwa na wanyama wa hifadhi asilipize kisasi kwa sumu. Upo Mfuko Maalumu wa Dhamana unaolipa fidia kwa hasara ya namna hiyo. Tena sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa wananchi wanaozizunguka hifadhi: ilianza kwa asilimia 5 mwaka 2005, ikapandishwa kuwa 10 mwaka 2017.

Na kwa askari neno ni fupi. Raia akikuta tanzi hutazama kwanza mwenye sare atafanya nini. Akilikata na kutoa taarifa, kijiji kizima kimefundishwa sheria. Akinunua nyama iliyonaswa humo, kijiji kimefundishwa pia, lakini somo lenyewe ni jingine kabisa.