Je, Wajua? Hong Kong kwa Mfuko Mwepesi
Mkazi wa Kericho au Bomet mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza kutembelea Hong Kong. Hupewa hadi siku 90. Utasema malazi ya huko ni ghali. Ni kweli, ila Chungking Mansions, jengo la ghorofa 17 lililokamilika 1961, limejaa vyumba vya bei nafuu na wafanyabiashara Waafrika wanalijua vizuri. Chumba ni finyu mno: bomba la kuogea huning'inia juu ya choo! Matembezi je? Kuvuka bandari kwa feri ya Star Ferry siku ya kazi hakufiki shilingi 100 za Kenya. Tramu, iliyoanza 1904, ni rahisi zaidi. Hata chai ipo, huchujwa kwa kitambaa kirefu kama soksi, ikatiwa maziwa ya kopo. Kinachouma ni tiketi ya ndege.