Watalii wakiondoka, nani atawalinda kasa wa Vamizi?

KWA miaka mingi, wageni waliolipa fedha nyingi kulala katika kisiwa cha Vamizi, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, waliambiwa kuwa mapumziko yao yanasaidia kuhifadhi bahari.

Hayakuwa maneno matupu. Walinzi walilinda mayai ya kasa ufukweni, watafiti walichunguza matumbawe, na wavuvi wa kisiwa walikubali kutenga eneo lisilovuliwa ili samaki wazaliane.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitegemea fedha za wageni. Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia mji wa Mocímboa da Praia. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani hiyo. Mwaka 2020 korona ikasimamisha safari za ndege, na Septemba mwaka huo wapiganaji wakavamia Vamizi yenyewe. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma.

Hapo ndipo madai ya utalii rafiki wa mazingira yanapopimwa. Kasa huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa na kuanza kutaga. Misimu michache bila ulinzi inaweza kufuta kazi ya miaka mingi. Mlinzi aliyekosa mshahara naye ana familia ya kulisha, na bahari ndiyo iliyo karibu.

Kusini mwa Vamizi iko Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kwa sheria za Msumbiji, jamii zinazoishi ndani ya hifadhi hustahili asilimia 20 ya ada zinazokusanywa. Lakini asilimia 20 ya sifuri ni sifuri.

Kinachoweza kubaki hoteli ikifungwa ni makubaliano ya wavuvi wenyewe, maana hayahitaji ndege wala mgeni. Nayo yana kikomo: kila msimu hufika wavuvi kutoka Nampula na Tanzania, ambao hawakushirikishwa katika kuyaweka. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania ina hifadhi yake ya bahari ya Mnazi Bay, na kasa hawajui mpaka.

Utalii ukirejea, hoteli itakayojiita rafiki wa mazingira ijibu maswali matatu: nani analipa walinzi vyumba vikiwa vitupu? Nani asiye mwajiriwa wake amehesabu viota vya kasa? Na wanakijiji wana kauli gani katika kupanga mahali pa kuvua?