Bendera si ya chama, lakini vyama vinaimezea mate

Kama una bendera ya Kenya kwa nyumba, kuna uwezekano mkubwa uliinunua mwaka wa 2024. Juni ile wachuuzi wa katikati mwa jiji waliuza bendera na filimbi kuliko soksi, na wasee wa Kangemi, Kawangware na Uthiru waliingia tao wamejifunga bendera mabegani.

Sasa linganisha na mkutano wa siasa uliouzoea. Manjano na wilibaro ni UDA. Chungwa ni ODM. Fulana na kofia hugawiwa bure, na ukishavaa, watu wanajua uko upande gani kabla hujafungua mdomo. Wengine wanakisia hadi kabila lako. Ndiyo maana maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yaliwachanganya waheshimiwa. Vijana walisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi, na kitambaa walichobeba hakikuwa kimelipiwa na mwanasiasa yeyote.

Lakini usidhani bendera ilizaliwa bila chama. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU, chama kilichoundwa 1960. Kilipochukua serikali, rangi hizo zikawa msingi wa bendera ya uhuru ya Desemba 12, 1963, zikiongezewa mistari myeupe ya amani, ngao na mikuki. Wapinzani wao wa KADU walivunja chama 1964. Hebu waza: chama kimoja kiliona rangi zake zikipepea katika kila shule na kila ofisi ya chifu kwa karibu miaka 40, hadi kiliposhindwa 2002. Enzi hizo kumpinga jogoo kulichukuliwa kama kuipinga nchi. Waulize wazazi wako, hiyo stori wanaijua vizuri.

Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, bendera haikuzuia risasi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilihesabu angalau watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Baadhi yao walizikwa majeneza yakiwa yamefunikwa bendera. Tulizoea kuona heshima hiyo kwa watu kama Moi 2020 na Kibaki 2022, kwa amri ya serikali, wanajeshi wakibeba jeneza. Safari hii ni marafiki wa mtaa walioleta bendera. Hakuna aliyeomba ruhusa, na sioni kwa nini wangeomba.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Utaona wanasiasa jukwaani wamejitanda bendera, pengine juu ya fulana ya chama. Kifungu cha 9 cha Katiba kinaiorodhesha miongoni mwa alama za taifa, na sheria yake inabana sana gari la nani lipeperushe. Bega la nani ibebe, hapo ni kazi yako kuangalia. Mtu akikuletea bendera ya bure pale steji ya Kangemi, muulize kwanza ametumwa na nani. Wachuuzi bado wanaziuza tao, na ukijinunulia mwenyewe hudaiwi kura na mtu.