Gari la Fundi Huegeshwa Wapi?

Sogeeni, wanangu, tuuzungumze mji wetu, Mji Mkongwe wa Unguja. Mkitoka Darajani mkaelekea upande wa baharini, baada ya kona mbili tatu gari hamlioni tena. Kuna vespa, kuna baiskeli, kuna hamali anayesukuma mkokoteni huku akipaza sauti watu wapishe. Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, kote ni vichochoro. Nyumba nyingi humo zilijengwa kwa mawe na chokaa katika karne ya 19, kabla ya gari lolote kufika Unguja. Mtu alijenga yake, jirani akajenga yake, na baina yao ikabakishwa njia ya kumtosha mtu na punda wake.

Na nyumba hizo hazibomolewi ili gari lipite. Mwaka 1985 serikali iliunda mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo magari hubakia zaidi pembezoni: barabara ya Mizingani iliyo kando ya bahari, barabara ya Kenyatta kule Shangani, na barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road kwa kuwa hapo zamani palikuwa na mkono wa bahari, na juu yake daraja lililoipa Darajani jina. Barabara hizo chache hugombaniwa na wote: mwenye duka, dereva wa teksi, gari la watalii, baba aliyekuja kununua samaki. Ndiyo maana pako mahali palipokatazwa kuegesha.

Sasa linakuja swali ambalo mtoto mwenye macho lazima aulize. Mbona baba akiegesha pale anafukuzwa, na gari la shirika la umeme linasimama pale pale wala haliguswi? Nitajibu kwa kisa. Nimekitunga, lakini hakuna ndani yake jambo lisilotokea.

Tuseme ni saa moja usiku, Kiponda. Umeme umezimika katika nyumba nne. Bibi mmoja anamulika mita yake ya Tukuza kwa simu, asije akawa ameishiwa uniti. Uniti zipo. Anamtuma mjukuu kwa jirani, kwa jirani nako giza. Basi wanapiga simu ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar.

Wakati wakisubiri, tuufuate umeme wenyewe. Unatoka Tanzania Bara, mahali paitwapo Ras Kiromoni, unapita chini ya bahari ndani ya waya mnene hadi Fumba, kusini ya mji, kisha unapelekwa kituo cha Mtoni na kugawanywa. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980. Mei 2008 njia hiyo ya umeme iliharibika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikaharibika tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Waulizeni wazazi wenu habari za miezi ile: jenereta zikinguruma kila mtaa, na watu wakihangaika na ndoo, kwa sababu pampu za maji nazo zinakula umeme. Mwaka 2013 ukaongezwa waya wa pili, wa megawati 100, na nafuu ikapatikana.

Lakini hata waya za baharini zikiwa salama zote mbili, kikiungua kipande kifupi cha waya ukutani Kiponda, bibi yetu yumo gizani vile vile. Safari nzima kutoka bara inangoja mikono ya watu wawili wenye pikapu na ngazi.

Hao wanafika. Pikapu haiingii kichochoroni, kwa hiyo lazima isimame kwenye mdomo wa njia iliyo karibu zaidi. Mdomo wenyewe umezibwa na gari jeupe.

"Kaka, gari hili la nani?"

"La mtu kaingia dukani hapo. Kasema dakika moja tu."

Mafundi wanazunguka, wanapata nafasi mbali, na kutoka huko wanabeba ngazi, bunda la waya na sanduku la vifaa. Wanafika, wanaisimamisha ngazi. Tazameni hesabu yake: ngazi ya kuegemeza, ili isiteleze wala isipinduke, kwa kila mita nne za kwenda juu mguu wake hutakiwa kukaa mita moja kutoka ukutani. Waya uko juu mita sita, basi mguu wa ngazi uko mita moja na nusu nje. Kichochoro kina upana wa mita mbili. Njia imebaki nusu mita! Fundi mmoja anapanda, mwenzake anashika ngazi na kuwazuia wenye vespa. Aliye juu anagundua kwamba anahitaji kiungio kikubwa zaidi, nacho kiko kwenye gari. Anashuka. Anakwenda hadi gari lilikoachwa. Anarudi. Bibi amekaa barazani anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Dakika moja ya yule wa dukani imekwisha kuwa saa nzima ya watu wa nyumba nne.

Kuna magari mengine ya kazi ambayo hayawezi hata kuzunguka hivyo. Lile lenye mkono mrefu wa kumwinua fundi hadi juu ya nguzo hutoa kwanza miguu ya chuma ubavuni, ikakanyaga chini, la sivyo litalala. Ukiliegeshea gari lako ubavu kwa ubavu, miguu haina pa kufunguka, na kazi haianzi.

Gari la kunyonya maji machafu ndilo napenda mlielewe zaidi, kwa kuwa watu hulikimbia kwa harufu wakasahau linavyowasaidia. Pampu yake hutoa hewa ndani ya tangi, kisha hewa ya nje inayasukuma maji yapande kwenye bomba, kama unavyonyonya maji ya dafu kwa mrija. Hewa hiyo ina kikomo cha nguvu: hata pampu ingekuwa bora namna gani, haiyainui maji zaidi ya mita kumi hivi. Na bomba likirefuka, maji yanakwaruzana nalo njia nzima na mwendo unapungua. Kwa hiyo hatua thelathini za kulisogeza gari zinaweza kuamua kama shimo litakauka leo au uchafu utafurika hadi mlangoni kwa watu. Zimamoto nao wana mipira yao, na moto hauna subira ya maji machafu.

Hivyo mtu akiiacha wazi ile nafasi iliyokatazwa, anawaachia watu wa ndani ambao pengine hatawaona kamwe. Mimi nasikitika sana nikiona imezibwa kwa sababu ya mfuko wa mkate.

Lakini msidhani kwamba maandishi ya shirika ubavuni yanampa dereva ufalme. Uingereza, kwa mfano, amri nyingi za maegesho huyasamehe magari yanayotumika kutengeneza njia za maji, gesi au umeme, na msamaha huo unahusu ule muda ambao gari liko kazini hapo. Ndivyo inavyofaa, hapa kwetu pia. Gari la fundi lisimame mahali palipokatazwa ikiwa kazi iko karibu na hakuna pengine. Liwekewe koni, lisiwazuie wagonjwa kupita, na mmoja wa mafundi awe tayari kulisogeza. Taa za bibi zikishawaka na ngazi ikafungwa juu ya pikapu, waondoke. Wakitaka kwenda Forodhani kula urojo, wakatafute maegesho kama watu wengine.